BARUA ZA WALIOVUKA BAHARI: LUGHA NA KIMYA KATIKA BARUA ZA KIFAMILIA ZILIZOKUJA THIKA NA RUIRU

Ikisiri

Makala haya yanachunguza barua ya kifamilia kama utanzu wa lugha, kwa kurejelea barua za watu waliovuka bahari kwa kutumwa vitani au kutafuta riziki, wakawaacha jamaa zao katika sehemu za Thika na Ruiru. Inajengwa hoja kwamba barua hizo hazikuwa mazungumzo ya siri baina ya watu wawili. Zilipita katika mikono mingi, na fomula zake za salamu, ambazo hufunzwa shuleni kana kwamba ni pambo tu, zilikuwa chombo cha kusema na cha kunyamaza kwa wakati mmoja.

Utangulizi

Dhahabu ilipogunduliwa California mnamo Januari 1848, maelfu ya watu walifunga safari kuiendea. Wengi walikwenda kwa meli. Wapo waliozunguka Rasi ya Horn, safari ya miezi mitano au sita, na wapo waliokatiza Panama kwa mitumbwi na nyumbu kisha wakapanda meli nyingine upande wa pili. Miaka mitatu baadaye, yaani 1851, mkumbo kama huo uliikumba Australia. Barua ambazo watu hao waliwaandikia wake, wazazi na ndugu zao zimehifadhiwa katika maktaba nyingi, na wanahistoria wa Marekani na Australia wamezitumia kueleza maisha ya watu wa kawaida ambao hawangeingia katika kitabu chochote.

Afrika Mashariki nayo imewahi kuwa na mikimbilio yake ya dhahabu. Kulikuwa na Lupa, upande wa Chunya nchini Tanganyika, katika miaka ya 1920 na 1930. Kulikuwa pia na Kakamega kuanzia mwaka 1931, ambako walowezi waliobanwa na nzige na kuporomoka kwa bei za mazao walikimbilia kuchimba, hata serikali ya kikoloni ikairekebisha sheria ya ardhi ya Waafrika mnamo Desemba 1932 ili wachimbaji wapate nafasi. Hata hivyo, wa kwenda Kakamega hakuhitaji bahari. Alipanda treni au lori, na habari zake zikarudi kwa njia iyo hiyo. Watu wa Thika na Ruiru waliovuka maji walikwenda kwa sababu nyingine, na ni hao wanaolengwa hapa. Swali la msingi ni hili: barua ya mtu aliye mbali na hatarini husema nini hasa, na mwanafunzi wa Kiswahili aisome vipi?

Kimya cha kwanza

Kabla ya kuzungumzia barua, inafaa kutaja wale ambao hawakuandika. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na hasa mwaka 1917 palipofanywa msako mkubwa wa wapagazi, wanaume wengi kutoka sehemu za Kiambu na Murang'a, wakati huo Fort Hall, waliandikishwa katika jeshi la wachukuzi. Wengi walisafirishwa hadi Mombasa na kupakiwa melini kuelekea bandari za kusini, Dar es Salaam, Kilwa na Lindi. Waliokufa kwa maradhi na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa risasi. Jina la kikosi hicho lingali hai katika mitaa ya Kariakoo, Dar es Salaam, na Kariokor, Nairobi.

Karibu wote hawakujua kusoma wala kuandika. Kwa hiyo nyumbani hapakuja salamu, wala habari ya kifo, na mishahara ya wengi waliofia huko haikufika kwa jamaa zao. Reli ilikuwa imefika Thika tangu mwaka 1913. Gari la moshi lingeweza kubeba barua, lakini hapakuwa na barua ya kubebwa. Mtafiti anayekusanya barua za kifamilia asiusahau msingi huu: kizazi cha baba kilipotelea katika kimya, na ndiyo maana kizazi cha mwana kilipoanza kuandika, neno la kwanza lilikuwa kuthibitisha kwamba mwandishi angali hai.

Askari na meli ya Ceylon

Katika Vita vya Pili vya Dunia hali ilikuwa tofauti. Wakenya zaidi ya 90,000 walitumikia jeshi. Baadhi walipigana Somalia na Uhabeshi mwaka 1940 na 1941, wengine wakapelekwa Bukini na Mashariki ya Kati, na kuanzia mwaka 1942 vikosi vya Afrika Mashariki vilianza kuvuka Bahari ya Hindi hadi Ceylon, nchi inayoitwa leo Sri Lanka. Kutoka huko Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliingia Burma mwaka 1944, ikasonga katika bonde la Kabaw wakati wa masika na kufika mto Chindwin mwishoni mwa mwaka.

Safari yenyewe ya bahari ilikuwa hatari. Meli iliyoitwa Khedive Ismail iling'oa nanga Mombasa mapema Februari 1944 kuelekea Colombo. Tarehe 12 ya mwezi huo ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives ikazama kwa dakika chache. Watu zaidi ya 1,200 walikufa, wengi wao wakiwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki.

Jeshi hili liliandika barua. Lilikuwa na walimu wa kufundisha kusoma, na magazeti ya Kiswahili yaliyochapishwa kwa ajili ya askari, likiwemo Heshima lililosomwa na vikosi vilivyokuwa Asia. Nyumbani Kenya kulikuwa na Baraza, gazeti lililoanzishwa mwaka 1939. Aidha, askari asiyejua kuandika alikuwa na karani wa kikosi au rafiki aliyesoma misheni. Hapa ndipo suala la lugha linapojitokeza. Kijana wa Kikuyu kutoka shamba la kahawa la Ruiru angependa kumwandikia mama yake kwa Kikuyu, na wengi walifanya hivyo. Lakini kama rafiki yake mwenye kalamu alikuwa Mkamba, Mluo au Mnyasa, lugha iliyobaki baina yao ilikuwa Kiswahili, tena Kiswahili cha jeshini, chenye ngeli zilizolegea na vitenzi vya amri. Barua ikatoka kwa mtu asiyeongea Kiswahili na mama yake, ikaenda kwa mama asiyekijua vizuri.

Mikono minne

Fikiria njia ya barua hiyo. Mkono wa kwanza ni wa mwandishi, ambaye si lazima awe msemaji. Mkono wa pili ni wa mkaguzi wa jeshi, aliyefungua kila bahasha na kufuta kilichokatazwa: jina la mahali, jina la meli, idadi ya waliokufa. Wakaguzi hao hawakufuta tu. Walikusanya pia taarifa za malalamiko ya askari na kuzipeleka kwa wakubwa. Mkono wa tatu ulikuwa nyumbani. Kenya haikuwa na desturi ya kupeleka barua mlangoni, na hadi leo mtu wa kawaida hutumia sanduku la posta la taasisi fulani. Barua ya mama aliyeishi kama skwota katika shamba la mlowezi ilifikia sanduku la shamba, ikapita kwa bwana shamba au karani wake. Kama aliishi kwenye rizavu, ilipitia misheni, shule au ofisi ya chifu. Mkono wa nne ulikuwa wa mtoto wa shule aliyeitwa jioni aisome kwa sauti, akitafsiri kwa Kikuyu huku majirani wakisikiliza.

Kwa hiyo barua tunayoiita ya kirafiki au ya kifamilia, ambayo vitabu vya shule huiweka mbali na barua rasmi, ilikuwa kwa kweli hotuba mbele ya kadamnasi. Mwana hakuweza kumwambia mama jambo ambalo karani, mkaguzi, bwana shamba na mtoto wa jirani hawakupaswa kulisikia. Hili likieleweka, mengi yanayoonekana kuwa ukavu wa mtindo hugeuka kuwa busara.

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya somo hili. Si waraka halisi, lakini kila fomula iliyomo ni ya kawaida katika uandishi wa barua wa Afrika Mashariki.

Kwa mama yangu mpenzi. Salamu nyingi sana zikufikie hapo ulipo pamoja na baba mdogo na watoto wote. Mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwenu ninyi mlio mbali na macho yangu. Baada ya salamu, nakuarifu kwamba tulivuka maji salama na sasa tuko nchi kavu, mvua ni nyingi kama ya kwetu mwezi wa nne lakini haiachi. Yule rafiki yangu tuliyekuja naye nyumbani wakati wa likizo ametangulia. Je, fedha mnapata kila mwezi? Niliandikisha kwa jina la baba mdogo anunue mbuzi. Nataka kujua mbuzi sasa ni wangapi. Pale chini karibu na mto mtu asilime mpaka nirudi. Msalimie mama watoto, mwambie nimesikia. Sina mengi ya kusema. Nikijaliwa tutaonana. Ni mimi mwanao.

Msomaji wa haraka atasema hapa hapana kitu. Na tuanze basi na kinachokosekana. Mwalimu hutuambia kuwa barua ya kirafiki huwa na anwani ya mwandishi na tarehe katika pembe ya kulia. Askari hakuruhusiwa kuandika mahali alipo. Alitumia namba yake na namba ya posta ya jeshi. Kaida ya kwanza ya utanzu imevunjwa kwa amri. Lakini mwandishi amepata mwanya: anailinganisha mvua ya huko na masika ya kwao, kisha anaongeza kuwa haiachi. Mkaguzi hana la kufuta, na mama aliyezaliwa kwenye miteremko ya Aberdare anapata picha ya nchi asiyoijua.

Pili ni ile sentensi maarufu, mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwenu. Wanafunzi wengi huiandika katika mtihani bila kuitafakari. Mantiki yake ni ya ajabu. Aliye vitani ndiye anayedai kuwa mzima, na aliye kwenye mibuni ndiye anayeogopewa. Hofu imegeuzwa mwelekeo. Kwa kufanya hivyo mwandishi anamnyima mama nafasi ya kumwogopea waziwazi, na wakati uo huo anaikiri hofu, kwa sababu neno lenyewe limetajwa. Ukiiondoa sentensi hii kwa kuwa ni ya mazoea, unaondoa mahali pekee ambapo hofu imeandikwa katika barua nzima.

Tatu ni kitenzi ametangulia. Kiswahili kina tasfida nyingi za kifo, na hii ni mojawapo. Mkaguzi mgeni wa lugha angeweza kudhani kwamba rafiki amehamishiwa kikosi cha mbele. Mtoto anayesoma barua jioni huenda naye akalitafsiri hivyo. Ni mama tu, na watu wazima walio kando ya moto, watakaotazamana.

Kisha yanakuja maswali ya fedha, mbuzi na shamba, na hapa sauti inabadilika. Sentensi zinakuwa fupi na vitenzi vinaingia katika dhamira ya kuamuru: asilime, mwambie, msalimie. Askari aliandikisha sehemu ya mshahara wake ilipwe jamaa nyumbani, na shaka kwamba hailipwi, au inaliwa na mpokeaji, ni miongoni mwa malalamiko yaliyojirudia sana katika barua za wakati huo. Swali kuhusu idadi ya mbuzi ni hesabu ya mkaguzi wa fedha iliyovikwa joho la mapenzi. Baba mdogo naye atakuwepo barua ikisomwa, akisikia jina lake mbele ya mashahidi. Katika jamii ambayo ardhi yake ilikuwa imebanwa na mashamba ya walowezi, tamko kuhusu kipande cha chini karibu na mto si habari ndogo. Barua imekuwa hati. Wapo wazee ambao ushahidi wao wa pekee katika mabishano ya ardhi ya miaka ya 1950, wakati wa ugawaji na uandikishaji wa mashamba, ungeweza kuwa karatasi ya namna hii, kama haikuliwa na mchwa.

Mwambie nimesikia. Amesikia nini? Barua haisemi. Mke anajua, na pengine kijiji kizima kinajua. Maneno mawili yametosha kuwa onyo au msamaha, na uamuzi wa kuyatafsiri ameachiwa yule yanayemhusu.

Ulinganisho na mapokeo mengine

Kunyamaza huku si udhaifu wa Kiswahili chenyewe. Pwani ilikuwa na mapokeo marefu ya barua kwa hati za Kiarabu, zenye mfululizo wa sifa za mpokeaji, salamu, na kisha kiungo cha kuingilia habari, ambacho kimesalia katika usemi wa baada ya salamu. Mwana Kupona alipomtungia binti yake utendi mnamo mwaka 1858 hivi, alitumia ushairi kumwachia mtoto wosia ambao kalamu ya nathari ingeukausha. Shaaban Robert naye alimwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, barua kwa zaidi ya robo karne, na barua hizo za mwaka 1931 hadi 1958 zilichapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2002. Tofauti ni kwamba ndugu hao wawili walijua kuandika na kusoma. Hapakuwa na mtu wa kati. Yeyote anayetaka kuona jinsi barua ya kifamilia ya Kiswahili inavyopanuka inapokuwa na mikono miwili tu, na asome kitabu hicho sambamba na barua yoyote ya askari.

Ghuba na sauti iliyorekodiwa

Leo mtu wa Thika au Ruiru anayekwenda ng'ambo kutafuta mali haendi kwa meli. Anatokea uwanja wa ndege wa Nairobi usiku na asubuhi yuko Riyadh, Doha au Dubai. Wengi ni wanawake vijana wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani. Mwaka 2014 serikali ya Kenya ilisimamisha upelekaji wa wafanyakazi hao Mashariki ya Kati na kufuta leseni za mawakala kwa sababu ya visa vya mateso. Baadaye mlango ulifunguliwa tena chini ya kanuni mpya. Karatasi ile ya samawati iliyokunjwa ikawa bahasha yake yenyewe haiuziki tena. Imechukuliwa na ujumbe wa sauti kwenye simu.

Mtu angetarajia kwamba mikono minne imekwisha, kwa kuwa mama anaisikia sauti ya mtoto wake moja kwa moja. Sivyo hasa. Simu ya mfanyakazi inaweza kuzuiliwa na mwajiri, sawa na pasipoti yake, na anayezungumza ndani ya nyumba ya watu huchagua maneno. Upande wa pili simu ni ya dada au ya mpwa, na ujumbe husikilizwa sebuleni kwa sauti ya juu, watu wamekaa. Salamu zimefupishwa, lugha imechanganyika Kikuyu, Kiswahili na Sheng', lakini mpangilio ni ule ule: mko aje nyumbani, mimi niko sawa, pesa zilifika? Tangu huduma ya M-Pesa ianze mwaka 2007, fedha hufika kabla ya salamu, na kwa baadhi ya wazazi ujumbe mfupi wa kuthibitisha kiasi kilichopokelewa ndio barua yenyewe. Hauna sentensi ya hofu.

Katika mazingira hayo, mimi niko sawa ni kauli inayohitaji usikivu kuliko ilivyokuwa mwaka 1944. Askari alikuwa na fomula ndefu iliyompa nafasi ya kutia kitu ndani. Mfanyakazi wa Ghuba ana maneno matatu, lakini ana kile ambacho karatasi haikuwa nacho, yaani pumzi, kusita, na sauti iliyoshushwa mlango unapofunguliwa. Uchanganuzi wa lugha unaoishia kwenye maandishi utayakosa haya yote. Ujumbe huo ukinukuliwa neno kwa neno bila kuonyesha vituo na viwango vya sauti, mtafiti atakuwa amefanya kazi ya mkaguzi wa jeshi bila kukusudia.

Kuhusu ukusanyaji

Vyuo vilivyo kwenye barabara ya Thika vina wanafunzi wengi wa Kiswahili ambao nyanya na babu zao wanaishi mwendo wa matatu moja kutoka darasani, huko Gatundu, Juja, Makuyu au Githunguri. Baadhi ya nyumba hizo zina sanduku la bati chini ya kitanda, lenye kipande, cheti cha ubatizo, kitambulisho cha jeshi na pengine bahasha chache. Kwa kuwa waliopigana Burma karibu wote wamekwisha kufariki, anayebaki kuifafanua barua ni yule aliyekuwa mtoto wa shule wakati huo, aliyeitwa aisome. Sasa ana umri wa miaka 90 au zaidi.

Mkusanyaji aombe idhini ya familia nzima, si ya yule tu mwenye ufunguo, maana barua yenye habari za shamba inaweza kuwasha ugomvi uliozimika. Apige picha pande zote mbili, bahasha na muhuri pamoja, kwa kuwa muhuri unaweza kusaidia kutambua mahali ambapo askari alikatazwa kupataja. Asisahihishe ngeli. Majina ya watu yafichwe katika nakala itakayowekwa maktabani. Na kabla ya kuuliza barua inasema nini, amwulize mzee alivyoisoma usiku ule, ni neno gani alilishindwa, na ni wapi watu waliponyamaza. Karatasi yenyewe irudishwe sandukuni siku hiyo hiyo.